Kasirani ya Mama Prefe

Walisema Mama Prefe ni mgonjwa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanzia kwingine, kwenye kicheko chake au mwendo wake wa haraka, moyo wangu unarudi palepale na kuanza kuchemka upya. Walisema hawezi kutawala hisia zake. Hawakusema hivyo kwa sababu alimpiga mtu, au aliitupa kazi, au alifanya jambo lolote ambalo shahidi angeweza kulisimulia. Walisema kwa sababu mashine ilikisia.

Alikuwa mkuu wa shule yetu ya sekondari hapa Baraka, cheo ambacho kwetu kinaitwa prefe. Nilikuwa mwanafunzi wake, halafu nikarudi kufundisha biolojia chini yake, na nyumba yangu ilikuwa nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo hata siku za mapumziko nilimsikia. Jina lake sitaliandika. Limeshatajwa vya kutosha na watu wasiomjua.

Ni kweli alikuwa na kasirani, kama tunavyoiita hasira huku kwetu. Sitamtetea kwa kumfanya mpole. Angeweza kukasirika asubuhi kabla ya chai. Alimkasirikia mwalimu aliyeingia darasani bila kutayarisha somo. Alimkasirikia mzazi aliyemtoa binti shuleni ili akalime, huku kaka zake wakiendelea kusoma. Aliikasirikia redio iliyotangaza kwamba hali ya eneo letu la Fizi ni tulivu, siku ambayo sisi wenyewe tuliona watu wakiingia mjini na magodoro kichwani. Aliizima ile redio kwa kofi. Halafu akaiwasha tena, maana alitaka kusikiliza mpira.

Lakini kilichomuudhi kuliko vyote ni sauti ndogo. Mwanafunzi akijibu huku anaangalia viatu vyake, Mama Prefe alisimama mlangoni mwa darasa na kuuliza kwa sauti iliyofika barabarani: "Ile jibu ni yako ao umeiiba? Kama ni yako, sema! Minataka bamama ba soko bakusikie!" Wasichana ndio aliowafuata zaidi, nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa najua majibu yote na kuyameza yote. Mwaka mzima alinipigia kelele. Nilimchukia kwelikweli. Leo nasimama mbele ya wanafunzi wengi kuliko viti vyao, bati linapigwa na mvua, na yule wa nyuma kabisa ananisikia. Sijui ningefundishaje kwa ile sauti niliyozaliwa nayo.

Alikuwa na makosa yake, na hakuyaficha. Mara moja mtu aliandika matusi kwenye ukuta wa ofisi, na Mama Prefe akamshika mvulana mmoja wa mwaka wa tano, mkorofi anayejulikana, akamsema mbele ya shule nzima mpaka mtoto akatetemeka. Kesho yake ikajulikana kwamba hakuwa yeye. Mkubwa mwingine angemwita kijana ofisini na kumwambia maneno mawili, mlango umefungwa. Yeye alimsimamisha kwenye bendera, akamshika bega, akapaza sauti ileile ya jana.

"Jana nilisema huyu mutoto vibaya mbele yenu! Haikukuwa yeye! Nilikosa! Munisikie leo vile mulinisikia jana!"

Mvulana alilia. Mama Prefe naye alilia, wazi, bila kujifuta. Kulia hakukumpa taabu yoyote. Alilia kila mwaka matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, alilia kwa waliofaulu na akalia kwa walioanguka, na walimu wageni hawakuweza kutambua kilio kipi ni cha habari gani. Kwenye matanga, kinyume chake, ndiye aliyechekesha. Alikaa katikati ya wamama na kukumbusha upuuzi wa marehemu, mpaka mjane mwenyewe akashika mbavu.

Na alikuwa na njia yake ya kujituliza, ambayo hakuna aliyemuuliza. Kasirani ikimpanda sana alitoka getini, akavuka barabara, akashuka mpaka kwenye maji ya ziwa. Aliinama, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akanawa uso, akasimama kidogo upepo umkaushe. Sisi walimu tulisema, "Ameenda kunawa." Akirudi, jambo limekwisha. Hakuweka kitu moyoni. Mtu aliyegombezwa saa nne alikula naye mihogo saa sita, na mihogo yenyewe ilitoka kwenye mfuko wake.

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia neno hilo, kutawala hisia. Watu wenye silaha waliingia shuleni wakati wa mtihani. Walitaka madarasa walale humo. Walikuwa wamechoka na macho yao yalikuwa mekundu, na mmoja wao alikuwa anacheza na kifyatulio cha bunduki kama mtu anayecheza na funguo. Sisi walimu tulimtazama Mama Prefe tukijua amekwisha, na sisi pamoja naye. Huyu mwanamke aliyepigana na redio, atawaambia nini hawa?

Alitoka ofisini polepole. Sauti iliyotoka kinywani mwake sikuwahi kuisikia kabla, wala sikuisikia tena. Ilikuwa ya chini, ya mama anayepokea wageni.

"Bababa, karibuni. Batoto biko mu egzame. Mukae hapa kwenye kivuli, minawaletea maji."

Akaleta ndoo mwenyewe. Akakaa na mkubwa wao kwenye ngazi, akamuuliza kama ana watoto, wanasoma wapi, nani anawapikia. Walikaa, wakanywa, wakazungumza, mpaka yule mkubwa akasimama na kuwaambia wenzake watafute kwingine. Wanafunzi wengi hawakujua hata kilichokuwa kinapita nje. Walipopotea barabarani, Mama Prefe aliingia ofisini, akatukuta tumekauka kwenye viti, akatupigia kelele kwamba kengele ya mwisho wa mtihani imechelewa.

Basi mtu aje aniambie huyo hakuweza kujitawala.

Naye Direktere nimweleze, maana bila yeye habari haikamiliki. Alikuwa msaidizi wa Mama Prefe, mwenye kusimamia masomo, na kila mtu alimwita Direktere tu. Mtu wa sauti ya chini na shati safi. Kwao ni Makobola, kijiji ambacho watu wake waliuawa kwa wingi wakati wa vita, na huku kwetu mtu akisema kwao ni Makobola, na umri wake ukiuona, humuulizi zaidi. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona amekasirika wala amefurahi. Siku moja upepo wa mvua ulirarua bati la darasa lake katikati ya somo, watoto wakapiga mayowe na kuingia chini ya madawati. Yeye alisogea kwenye sehemu ya ubao ambayo haikuloa na kuendelea kuandika. Tulimsifu sana. Tulisema, huyo ndiye mtu mzima. Yeye na Mama Prefe walifanya kazi vizuri: mmoja alipiga kelele, mwingine alipanga ratiba.

Mradi wa shirika moja la misaada ulikuja wakati mji ulikuwa umejaa wakimbizi wa ndani, watu wa Lubondja, watu wa milimani, familia tatu ndani ya chumba kimoja. Watoto wao walihitaji kusoma. Mradi ulitaka kufungua madarasa yao kwetu, na ukataka kwanza kuhakikisha kwamba watu wazima watakaokaa nao hawatawaongezea majeraha. Wazo hilo silikatai. Mtoto aliyekimbia risasi hastahili kukutana na mwalimu anayemtesa.

Aliyeleta kifaa cha kutupima ni mwanamke wa Bukavu, mwanasaikolojia, tuliyemwita Madame. Alikuwa na heshima, alivua viatu akiingia nyumba za watu, na alisema ukweli alipoulizwa, jambo ambalo wakubwa wake hawakulipenda. Alikuwa na simu pana. Ungeulizwa maswali, ungejibu kwa kuchagua toka "hapana kabisa" mpaka "kila mara", na simu ingerekodi pia unavyosema. Halafu majibu yangeenda kwenye mashine, na mashine ingetabiri kama wewe ni mtu atakayeshindwa kutawala hisia.

Mama Prefe alijibu yake ofisini, na mimi nilikuwepo kwa sababu aliniita nimsaidie kusoma maandishi madogo. Maswali yalikuwa kwa Kiswahili cha mbali, safi kama cha kitabu.

"Unapokasirika," Madame akasoma, "je, unashindwa kujizuia?"

"Kujizuia na nini?"

"Na kufanya kitu, Mama. Swali linasema hivyo tu."

"Kama muntu anapiga mutoto mbele yangu, nijizuie?"

"Simu haina nafasi ya kuandika hiyo, Mama. Uchague tu."

"Basi andika kila mara. Mi siseme bongo." Bongo kwetu ni uongo.

Likaja lingine. "Unapohuzunika, unaamini kwamba huzuni hiyo itadumu?"

Mama Prefe alicheka, kicheko kikavu. "Madame, hii vita imedumu. Huzuni itaenda wapi?"

Hakuna nafasi ya kuandika hiyo pia. Alichagua kila mara. Aliyajibu yote hivyo, kwa sauti yake ileile ya kusikiwa na soko zima, na simu ikaimeza sauti pia. Alipomaliza aliuliza, "Sasa hii mashini ilisoma wapi? Nani aliifundisha kunijua?"

Madame akamweleza bila kuzunguka. Mashine ilipewa majibu ya watu wengi sana, pamoja na maoni ya madaktari juu ya watu hao, nayo ikatafuta yanayofanana. Ikiona majibu yako yanafanana na ya wale walioshindwa, inasema na wewe utashindwa.

"Bale batu ni ba wapi?"

"Wa nchi za mbali, Mama. Wengi ni wanafunzi wa vyuo vikuu."

"Kati yao kuko mwenye alikimbia na mutoto mugongoni?"

"Sijue, Mama. Nafikiri hapana."

"Bon. Basi haijanijua."

Tulidhani yameishia hapo. Madame mwenyewe alidhani hivyo, maana kifaa, alivyofundishwa, kilikuwa cha kumtafuta anayehitaji kusikilizwa ili asikilizwe. Lakini majibu yalipotoka yalikuja na rangi, na rangi zikaenda moja kwa moja kwa wakubwa. Mimi nilikuwa njano. Direktere alikuwa kijani, kijani kitupu, wa kwanza katika shule zote zilizopimwa. Mama Prefe alikuwa nyekundu.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa linalomiliki shule. Alikuwepo mkubwa wa mradi, aliyekuja kutoka mji mwingine, na wazee wa ofisi ya kanisa inayosimamia shule, na walimu wote. Mkubwa alizungumza vizuri. Alisema kwamba hakuna anayemshutumu Mama, kwamba mashine haina chuki na mtu yeyote. Kweli haina. Wala haina aibu, ndiyo maana wanapenda kuitanguliza mbele. Alisema mradi hauwezi kuweka watoto walioumia chini ya mtu mwekundu, na kwamba Mama Prefe apumzike, na Direktere ashike nafasi yake.

Mama Prefe alisubiri amalize. Halafu akauliza, bado amekaa:

"Nionyeshe mutoto mwenye nilimuumiza."

"Mama, hatusemi kwamba umemuumiza mtoto. Tunasema kuna uwezekano."

"Kwa hiyo munanitoa mu kazi juu ya kitu chenye sijafanya."

"Ni kinga tu, Mama."

"Kinga! Nimesomesha batoto ba hii muji mupaka bamoja njo walimu biko hapa! Bamenisikia nikipiga kelele, eh! Kuko mwenye alikimbia masomo juu yangu? Asimame! Muulize bantu, munauliza simu!"

Alikuwa amesimama sasa, na mkono wake unapiga meza, na sauti imejaza ukumbi. Nikamwona yule mkubwa akimgeukia mwenzake na kutikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama daktari aliyeonyeshwa kidonda. Ni kama alisema, unaona? Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, na haijapoa mpaka leo. Niliona jinsi walivyomfunga. Akinyamaza, amekubali. Akikasirika, amethibitisha. Walikuwa wamemchukua mwanamke aliyedhulumiwa mbele ya macho yetu, wakaifanya kelele ya kudhulumiwa kuwa dalili ya ugonjwa wake. Kwa hesabu hiyo hakuna mtu wa Fizi ambaye ni mzima, isipokuwa waliokufa.

Mimi nafundisha biolojia. Nawaambia wanafunzi kwamba mwili usiopata homa ukiingiliwa na ugonjwa, huo ndio wa kuogopa. Nilisimama kusema hilo, nikasema nusu, mzee mmoja wa ofisi akaniambia nikae.

Ndipo Direktere akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Minaomba kusema," akasema, na ukumbi ukanyamaza ili kumsikia, maana sauti yake tuliijua. "Hii mashini inasema mi niko muzima. Kijani. Mi niko muntu wa Makobola, munajua. Nilikuwa kijana. Tangu ile siku sijalia. Bibi yangu alizaa mutoto, batu bakaimba, mi nikaangalia tu. Mama yangu alikufa, nikachimba kaburi, nikarudi kusahihisha egzame. Simu ikiniuliza kama minashindwa kujizuia, minasema hapana, juu hakuna kitu cha kuzuia. Ndani ni kavu. Huyu mama anakasirika kwa sababu anaona batoto. Mi siwaoni. Minasomesha, lakini siwaoni. Miaka yote hii minaomba Mungu anipe hata kidogo ya ile kasirani yake. Na nyinyi munataka kunipa kiti yake?"

Akakaa. Hakuna chochote usoni mwake kilichobadilika wakati anasema maneno hayo, na hilo ndilo lililotushinda. Madame alikuwa ameinamisha kichwa, mkono kinywani. Mama Prefe alimtazama msaidizi wake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona. Walikuwa wamekaa ofisi moja miaka mingi, meza zinagusana, naye hakujua.

Mkubwa wa mradi alimshukuru Direktere kwa kushiriki. Alitumia neno hilo, kushiriki. Akasema yatazingatiwa. Halafu mzee wa ofisi akasema uamuzi umekwisha kuchukuliwa, tufunge kwa sala.

Mama Prefe hakufumba macho wakati wa sala. Mimi pia sikufumba, ndiyo maana najua. Aliinuka kabla ya amina, akaenda kwa Direktere, akamwekea mkono kichwani, kama anavyowekewa mtoto mwenye homa, akauacha hapo kidogo. Halafu akatoka nje.

Walileta prefe mwingine kutoka mbali, kwa sababu Direktere alikataa kiti. Mtu mwenye adabu, ambaye wanafunzi hawakumjua jina wala sauti. Madarasa ya wakimbizi yalifunguliwa. Wasichana wa kwanza walipoanza kutolewa shuleni kwenda kulima, hakuna aliyekwenda nyumbani kwao kugombana na baba zao. Nilikwenda mimi mara chache, na baba mmoja aliniuliza mbele ya mlango wake, "Mama Prefe mwenyewe iko wapi? Yeye njo minamuogopa." Nilirudi bila msichana.

Baadaye mradi ulimaliza muda wake, wakakunja vitu vyao. Mtu wa ofisi ya kanisa alimuuliza mmoja wao kuhusu zile rangi, kama bado zina maana, akajibiwa kwamba yale yalikuwa majaribio. Majaribio! Waliomba radhi kwa nani? Walimrudishia nani kiti chake? Walijaribu mashine yao juu ya mwili wa mtu, ikamkata, wakakifuta kisu na kuondoka. Na hata leo wapo watu wazuri kanisani kwetu ambao wakimkumbuka Mama Prefe wanashusha sauti na kusema, "Masikini, kichwa." Mashine imeshasahau. Watu hawajasahau.

Haki ya Madame ni haki yake, niiseme. Aliandika kwamba rangi zisitumike hivyo, wakamhamisha. Alipopata nafasi alirudi Baraka, safari baada ya safari, akakaa na Direktere kwenye kibaraza cha nyumba yangu, nami niliwaachia chai na kuondoka. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba siku moja, katikati ya somo la jiografia, Direktere aligeuka kutoka ubaoni, akamwona msichana mmoja anayeandika kwenye goti lake kwa kukosa dawati, na akaanza kulia. Alilia akiwa amesimama, chaki mkononi, na hakuweza kuacha. Wanafunzi hawakujua wafanye nini, wakasimama wote kwa heshima, kama bendera inapopandishwa. Niliitwa. Nilimkuta bado analia, na watoto bado wamesimama.

Mama Prefe alikuwa ameondoka mjini kabla ya hapo. Watu wa Lubondja walipoanza kurudi kwao alirudi pamoja nao, akiwa na turubai na mbao za kufanyia ubao. Kwa muda mrefu sikumwona. Barabara ilikuwa inafunguka na kufungwa, na mtu akisafiri ilibidi aulize kwanza. Mwaka jana, wakati wa likizo, niliambiwa njia ni nzuri, nikapanda pikipiki kwenda kwake.

Nilimsikia kabla sijamwona. Shule yake mpya ilikuwa vyumba vya udongo vilivyoezekwa nusu, na nyuma yake vyoo vipya vya wasichana, na mbele ya vyoo hivyo Mama Prefe alikuwa anagombana na chifu. Chifu alikuwa mzee mtaratibu, na kofia yake ameishika mkononi.

"Choo bila mulango ni choo ya nani?" Mama Prefe alikuwa anasema. "Binti yako ataingia humu? Bibi yako?"

"Mama, mbao zitakuja."

"Zitakuja toka lini? Kwako kuko milango ngapi? Leta mumoja ya kwako!"

Aliniona, akaninyooshea kidole nisubiri, akaendelea. Nilikaa kwenye jiwe nikasubiri. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa nyeupe mpaka kwenye masikio, na kati ya sentensi na sentensi alishika kifua na kuvuta pumzi. Chifu naye aliliona hilo, kwa sababu alimsogezea kiti. Hakukaa. Mwishowe mzee akavaa kofia yake na kuondoka kwa haraka kidogo, na Mama Prefe akaja kunisalimu. Akanishika mashavu yote mawili.

"We mutoto. Umekonda."

"Nyinyi njo mumekonda, Mama Prefe," nikamjibu kwa wingi wa heshima.

"Ni tansio. Damu inapanda. Dokta ya Baraka aliniambia niache kukasirika. Nikamwambia, we niandikie dawa, usiniandikie kunyamaza." Akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Tulikula ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye kibaraza. Nilimweleza habari za Direktere, na alisikiliza kijiko kimesimama hewani. Alitoka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko, na aliporudi uso ulikuwa umeoshwa. Halafu nilimweleza niliyokuja nayo: kwamba bado nimekasirika, kwamba nimezungukia ofisi za kanisa nikiomba waandike kuwa alionewa, kwamba wananisikiliza kwa upole na kunipa soda. Nilisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe alinipa. Nadhani majirani walisikia.

"Endelea kuwaomba," akasema. "Hata nikikufa. Si kwa ajili yangu. Juu ya mwingine mwenye watamuletea ile simu."

Kabla sijajibu, seremala alifika na mlango begani. Ulikuwa mlango wa zamani, umepakwa rangi ya bluu, na kitasa chake bado kipo. Chifu alikuwa ameung'oa kwake kweli. Mama Prefe aliinuka upesi kuliko umri wake, akashuka kibaraza akimwelekeza seremala, akimgombeza kwa bawaba alizozishika vibaya, na mimi nikamfuata. Aliusimamisha mlango kwenye fremu kwa mikono yake miwili. Aliuegemea kidogo apate pumzi.

"Mama Prefe," nikamwambia, "hamujachoka?"

"Nimechoka sana," akasema. "Shika huku, mulango unainama."